Mbwa au paka wako amezeeka: kliniki, daktari wa nyumbani, duka la dawa za mifugo au hospitali ya chuo?

Popi, mbwa wangu, ametimiza miaka 12. Zamani geti likigongwa yeye ndiye anayefika kwanza. Siku hizi anainua kichwa, ananitazama, anakilaza tena: nenda wewe. Paka wetu, Binti, ana miaka 14 hivi. Nasema "hivi" kwa sababu alijileta mwenyewe msimu mmoja wa masika na hakuja na cheti cha kuzaliwa.

Hapa Dar es Salaam, mwenye mnyama mzee ana njia nne za kutafuta tiba, na nadhani hali haitofautiani sana Mombasa, Arusha au Kampala. Kuna kliniki ya mjini yenye maabara, kuna daktari anayekuja nyumbani, kuna duka la dawa za mifugo pamoja na bwana mifugo wa mtaa, na kuna hospitali ya chuo kikuu. Nimezipita zote, nyingine kwa kupenda, nyingine kwa sababu mfuko ulikuwa umekauka.

Mzee ni yupi, kwanza? Mbwa mkubwa kama German Shepherd huanza kuhesabiwa mzee akifika miaka 7 hivi. Mbwa wetu wa kienyeji wa umbo la kati huanza akiwa na 8 au 9, na vile vidogo vya kubebwa mkononi huchelewa zaidi. Paka ni mzee akipita 10. Kuanzia hapo, uchunguzi wa mara moja kwa mwaka hautoshi. Miezi sita ndiyo kipimo kizuri, kwa sababu mwaka mmoja wa mbwa mzee ni kipande kikubwa cha maisha yaliyobaki.

Nimezipima kwa mambo gani

La kwanza ni vipimo. Magonjwa ya uzee hujificha, na paka ndiye bingwa wa kuyaficha. Figo zake zikianza kuchoka, dalili ya mwanzo ni kunywa maji mengi na kukojoa sana, jambo ambalo kwa paka anayejisaidia uani hakuna anayeliona. Kipimo cha damu cha kreatinini nacho huchelewa: hakipandi vizuri mpaka takribani robo tatu ya uwezo wa figo iwe imekwenda. Mkojo husema mapema kidogo, kwa sababu figo zinazochoka hushindwa kuukoleza. Kwa hiyo mkojo mbichi kwenye chupa safi, uliopimwa ndani ya saa chache, ni kipimo cha bei ndogo chenye habari kubwa.

La pili ni dawa na upasuaji. La tatu ni safari, maana mwili mzee na foleni ya Dar havipatani. La tano ni mfuko. La nne nimeliruka makusudi ili nilisemee peke yake: kumbukumbu. Nani anajua mnyama wako alikuwa na uzito gani mwezi wa tatu? Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7. Kwa macho huoni, manyoya yanaficha. Mizani inaona, lakini mizani bila tarakimu ya zamani ni bubu. Nikiulizwa leo ni kigezo gani nilikipuuza zaidi, ni hicho.

Kliniki ya mjini yenye maabara

*Vipimo.* Hapa ndipo zinapong'ara. Damu, mkojo, eksirei, altrasaundi, na zile nzuri zina kifaa cha kupima presha ya paka, majibu siku hiyohiyo. Presha si jambo la binadamu peke yao. Paka mzee mwenye figo mbovu au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi anaweza kuamka asubuhi kipofu, mboni zimetanuka, anagonga kuta. Mara nyingi ni presha iliyobandua utando wa nyuma ya jicho, na ikikamatwa mapema kuna nafasi ya kuokoa kitu. Tezi hiyo yenyewe huwadanganya wengi: paka anakula kama mgeni wa harusi na bado anakonda, mwenye nyumba anafurahi kwamba "hamu ya kula ipo".

*Dawa na upasuaji.* Ukitaka kisu, njoo hapa. Mbwa jike mzee ambaye hakufungwa uzazi, na wengi wetu hatuwafungi, yuko hatarini kupata usaha ndani ya mfuko wa uzazi wiki chache baada ya joto lake. Ananywa maji sana, anatapika, amejikunyata, wakati mwingine kuna uchafu nyuma na wakati mwingine hakuna kabisa. Hiyo si ya kusubiri Jumatatu. Kabla ya upasuaji wowote uliza jambo moja: mna nusukaputi ya gesi, na nani atakuwa anamwangalia akiwa amelala? Sindano za kulaza zinazotumika sana kwa mifugo hushusha mapigo ya moyo. Mbwa kijana mwenye afya huvumilia, moyo mzee unaweza usivumilie. Swali hilohilo liulize hata kama ni kusafisha ugaga wa meno, maana usafishaji wa kweli hufanyika mnyama akiwa amelala.

*Safari.* Kliniki nyingi za namna hii Dar ziko Masaki, Msasani na Oysterbay. Nairobi utazikuta Karen na Westlands. Ukitokea Mbagala hiyo ni safari ya nusu siku. Daladala haipakii mbwa. Bajaji zinakubali ukibembeleza na kutandika kitenge. Paka mwekee kikapu chenye kifuniko au kreti iliyofungwa vizuri. Kiroba kinafaa unga, paka ndani yake anapata joto na hofu kwa pamoja.

*Kumbukumbu.* Faili lipo, ila madaktari hubadilika. Nimeshawahi kueleza historia ya Binti mara tatu kwa watu watatu, jengo lilelile.

*Mfuko.* Ndiyo njia ghali kuliko zote kwa siku moja. Si aibu kusema, "Daktari, leo nina kiasi hiki, kipimo kipi kitabadilisha matibabu?" Daktari mzuri atakuchagulia, atakayekasirika umemjua mapema.

*Inamfaa nani.* Mnyama aliyebadilika ghafla, anayekonda bila sababu, mwenye uvimbe, au anayehitaji upasuaji.

Daktari anayekuja nyumbani

*Vipimo.* Anakuja na stethoskopu, kipimajoto, sindano za kuchukulia damu, pengine kifaa kidogo cha sukari. Damu anaipeleka maabara, majibu unapata kesho. Eksirei hana. Ila kuna kitu anachokiona ambacho kliniki haikioni: anamwona mnyama kwake. Paka aliyetoka kwenye bajaji presha yake imepanda kwa hofu, na hata sukari ya damu hupanda, mpaka mtu anaweza kudhaniwa ana paka wa kisukari. Aliyepimwa juu ya kochi lake anasema ukweli. Daktari wetu alipoingia mara ya kwanza hakumgusa Popi kwa dakika kumi. Alikaa, akanywa chai, akamtazama anavyoinuka. Kisha akauliza, "Mama, vigae hivi mliweka lini?" Tulikuwa tumeweka vigae vya kung'aa sebuleni mwaka ule. Mbwa mwenye baridi yabisi ya nyonga hana breki juu ya vigae. Tulitandika mikeka ya ukindu kutoka mlangoni hadi mahali anapolala, na nusu ya kuchechemea ikaisha kabla ya kidonge cha kwanza.

*Dawa na upasuaji.* Dawa za kila siku, chanjo, kusafisha vidonda, kukata kucha, maji chini ya ngozi kwa paka wa figo: vizuri kabisa. Nyingine hata atakufundisha kufanya mwenyewe. Upasuaji mkubwa mezani jikoni, hapana, hata akikuambia ameshafanya mara nyingi.

*Safari.* Yako hakuna, yake ni foleni. Usiku wa manane huenda asipokee simu, na hilo mulizane mapema.

*Kumbukumbu.* Hapa ndipo anapowashinda wengi, kama ni yuleyule kila mara. Wetu ana daftari, na sisi tuna letu.

*Mfuko.* Unalipa huduma na nauli. Ukiwa na wanyama wawili watatu, au ukiungana na jirani, nauli inagawanyika na hesabu inapungua sana.

*Anamfaa nani.* Paka waoga, mbwa wazito wasioweza kupanda gari, magonjwa ya muda mrefu ambayo tayari yana jina. Mwombe namba yake ya usajili bila kuona haya: Tanzania kuna Baraza la Veterinari, Kenya kuna Kenya Veterinary Board, na mwenye sifa hukasirika kidogo tu.

Duka la dawa za mifugo na bwana mifugo wa mtaa

Watu wenye kliniki za viyoyozi huwadharau hawa, na naona wanakosea. Katika miji midogo na vijijini, huyu ndiye aliyepo. Amewahi kuzalisha ng'ombe saa nane usiku kwa tochi ya simu. Hatashtuka kwa kidonda cha mbwa wako.

*Vipimo.* Mikono, macho na uzoefu. Wachache wana darubini ya kuangalia damu, na akiwepo mwenye nayo karibu yako, mshike, kwa sababu magonjwa ya kupe yanaonekana humo. Mbwa mzee anayetokwa damu puani, amepauka fizi na hana nguvu, huenda anabeba ugonjwa wa kupe alioupata miaka ya nyuma na ukalala mwilini. Watu husema "uzee huo". Ni wiki nne za dawa ya doksisaikilini, na si kila mara umechelewa.

*Dawa na upasuaji.* Dawa za minyoo, za kupe, antibayotiki, chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo haistaafu: mbwa wa miaka 13 anayelala barazani bado anaweza kuumwa na mbwa mpita njia. Mara nyingi serikali huichanja bure kwenye kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Tahadhari sasa, na hapa nitakaa kidogo. Dawa za dukani nyingi zimepimwa kwa ng'ombe. Sindano ya ivamektini ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Paka wa kilo 4 angestahili chini ya sehemu ya kumi ya mililita, na bomba la sindano la mililita 10 haliwezi kupima hivyo hata ukilikodolea macho. Dawa za kuogesha zenye permethrini au saipamethrini mbwa anazivumilia zikichanganywa vizuri, ila paka humtetemesha mpaka kufa, kwa kuwa ini lake halina njia ya kuzivunja. Hata kulala pembeni ya mbwa ambaye hajakauka kunaweza kumdhuru. Amitrazi nayo hupandisha sukari, kwa hiyo mnyama mwenye kisukari asiogeshwe nayo.

Na dawa za maumivu za binadamu. Miaka miwili iliyopita, kabla sijajua, niliuziwa diklofenaki kwa ajili ya nyonga za Popi, duka silitaji. Siku ya tatu alitapika vitu vyeusi kama masalia ya kahawa: ni damu ya tumbo. Alipona, lakini figo zake tunazipima hadi leo. Diklofenaki na ibuprofeni si za mbwa. Zipo za kwao, kama meloksikamu na kaprofeni, ambazo zikitumika muda mrefu huhitaji kupimwa figo na ini. Kwa paka, parasetamoli ni sumu kamili. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumwua.

*Safari.* Hatua chache, au bwana mifugo anakuja na pikipiki.

*Kumbukumbu.* Kichwani mwake. Kadi ya chanjo ikiwepo, itunze kama hati ya kiwanja.

*Mfuko.* Rahisi kuliko zote, mpaka siku ya makosa.

*Inamfaa nani.* Kinga, kupe, minyoo, vidonda vya juu, na kila mtu anayeishi mbali na mji. Ukienda, mtaje mnyama, taja umri na uzito, na sema kama nyumbani kuna paka.

Hospitali ya chuo kikuu

SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kule Morogoro, Kabete kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere kwa watu wa Kampala.

*Vipimo.* Vingi, na nyuma yake kuna wataalamu: wa upasuaji, wa maradhi ya ndani, wa kusoma nyama ya uvimbe kwa darubini. Uvimbe wa titi la mbwa jike, au ule wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana, hupata hapa jina sahihi. Huo wa pili unatisha kwa macho lakini huitikia vizuri sindano ya vinkristini, na mbwa wengi wamepumzishwa, yaani kuuawa kwa sindano, pasipo haja kwa sababu mtu aliuona akasema saratani basi.

*Dawa na upasuaji.* Imara. Wanafunzi watakuwepo. Mmoja atasikiliza moyo, kisha wa pili, kisha wa tano. Kuna wanyama wanaopenda kuzungukwa namna hiyo. Binti si mmoja wao.

*Safari.* Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Ondoka alfajiri, beba maji, simama Chalinze. Mbwa mwenye moyo mbovu usimsafirishe mchana wa jua la Januari.

*Kumbukumbu.* Faili nene kuliko lote. Omba nakala mpelekee daktari wako wa karibu, vinginevyo maarifa yote yatabaki Morogoro.

*Mfuko.* Matibabu yenyewe yanaweza kuwa nafuu kuliko kliniki binafsi ya viwango hivyo. Nauli, chakula na kulala ndivyo vinavyokula hela.

*Inamfaa nani.* Ugonjwa uliowashinda wawili watatu, uvimbe unaohitaji uamuzi, na watu wanaoishi jirani, ambao kwao hii ndiyo kliniki ya kawaida.

Kabla hujachagua: daftari

Njia yoyote utakayoichukua, mambo haya matatu yafanye nyumbani, hayana gharama. Pima uzito kila mwezi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Zikizidi 30 siku baada ya siku, moyo au mapafu yana neno. Na kiasi cha maji: jaza bakuli kwa kikombe kilekile, uone linaisha kwa kasi gani. Kwa wenzangu wa pwani, ambako paka analala kitandani na mbwa anaishi uani, nasisitiza kwa mbwa. Paka wa kitandani angalau hushikwa kila siku. Mbwa wa uani anaweza kukonda miezi mitatu pasipo mtu kumshika mgongo.

Kwa hali yako

Ana umri mkubwa, mzima, hana dalili: daktari wa nyumbani au bwana mifugo unayemwamini kila miezi sita, na mara moja kwa mwaka damu na mkojo vipelekwe maabara. Paka peke yake, mwoga: daktari wa nyumbani, na kliniki iwe ya vipimo visivyobebeka.

Amebadilika ndani ya siku mbili, ametapika mfululizo, jike anakunywa maji kupita kiasi, dume anachuchumaa mkojo hautoki, amepofuka: kliniki, leo. Usipitie dukani kwanza.

Anachechemea asubuhi na kulainika mchana: mikeka, kupunguza uzito, kisha daktari yeyote mwenye uwezo wa kupima figo kabla ya kuandika dawa ya maumivu ya muda mrefu.

Uko wilayani, kliniki iko kilomita mia: jenga urafiki na bwana mifugo, na tafuta daktari mmoja wa mjini atakayekubali kushauriana naye kwa simu. Nimeona wawili hao wakimtunza paka wa figo kwa miezi mingi, mmoja akisoma majibu, mwingine akishika sindano.

Una hela ya jambo moja tu mwaka huu, na chanjo tayari anayo: mkojo na damu, kabla ya dawa za nguvu za kwenye makopo mazuri.

Na kama umefika kule ambako siku mbaya zimezidi nzuri: daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo cha mambo saba, kila moja alama 0 hadi 10: maumivu, kula, maji, usafi, furaha, kutembea, na idadi ya siku njema. Jumla ikipita 35 bado ana maisha ya kuishi. Mjaze kila mtu wa nyumbani karatasi yake, halafu mzilinganishe, maana anayempenda zaidi ndiye husoma vibaya. Ikishuka na kubaki chini, kliniki inaweza kumpumzisha, ila kama daktari anaweza kuja, mwite nyumbani. Aje asubuhi na mapema, asigonge geti. Mfungulie mwenyewe, ili mzee asipate wazo la kuamka kwenda kubweka.